Vipimo Arobaini na Vinne

Montferrey, 9 Novemba 1962

Léonce mwanangu,

Huu mwandiko utaujua. Ndio uliokuwa ukiandika vile vikaratasi vya Alhamisi, siku zako za somo, "supu iko jikoni, funika baada ya kupakua." Sina hakika kama bado nina ruhusa ya kukuita mwanangu, miaka kumi na moja imepita, lakini kalamu imeshaandika na mimi si mtu wa kufuta.

Mwalimu wako Anselme ametutoka. Ilikuwa tarehe 19 Septemba, asubuhi, kifua kilekile. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikujua nianzie wapi. Mazishini kinanda alipiga Clotilde, binti wa mwalimu wa shule, msichana mzuri, ila miguu yake huyaogopa makanyagio. Bwana Pernot wa buchani alisema nje ya kanisa kwamba leo kinanda kimekohoa kuliko marehemu. Watu walicheka, na mimi nilicheka, kisha nikaona aibu.

Naandika kwa sababu nimekuta kitu. Chini ya fulana zake za sufi kulikuwa na muziki wa kinanda na okestra, kurasa tisini na sita, mwandiko wake mdogo ule wa mchwa. Nilijua kwamba anaandika, maana alikuwa akiandikia kwenye meza ya jikoni nami nikimenya viazi upande wa pili, lakini hakuwahi kuniambia kwamba amemaliza. Sehemu ya kwanza ni kwa namna ya wazee wa enzi za wafalme: kinanda kinasema, okestra inanyamaza; okestra inajibu, kinanda kinanyamaza. Sehemu ya pili ni ya siku za babu zetu, wote kwa pamoja, madirisha yanatetemeka. Ya tatu ni yake mwenyewe. Unakumbuka alivyokuwa akisema, kwamba kuoza kinanda na okestra ni kumwoza mzee asiyetoka nyumbani kwa binti mwenye haraka. Kwamba Ufaransa imehangaika na ndoa hiyo miaka na miaka na bado wale wawili wanalala vitanda mbalimbali.

Katika sehemu ya tatu kuna pengo. Fidla zimeandikwa, zumari zimeandikwa, kila kitu kimeandikwa, lakini mstari wa kinanda ni mtupu kwa vipimo arobaini na vinne vya mapigo. Nilidhani kifo kilimwahi. Bwana Delestrade, kiongozi wa okestra ya mkoa, alikuja kutazama akasema sivyo. Anselme aliacha nafasi ile kwa makusudi, ili siku ya kupiga abuni papo hapo, kama alivyokuwa akibuni kila Jumapili watu wakitoka misani.

Sasa wanataka kuupiga hapa kwetu, Jumapili ya nne ya Kwaresima, maana ndiyo Jumapili pekee ya Kwaresima ambayo kinanda huruhusiwa. Bwana Delestrade alitaka kuleta mtu kutoka Paris. Nilimwambia hapana. Nilimwambia yuko mmoja tu anayeujua mkono wa Anselme kiasi cha kujaza pengo lile, na mtu huyo yuko Lyon.

Njoo, Léonce. Anselme alikutaja kabla ya kufa.

Eugénie Ribaucourt


Lyon, 2 Desemba 1962

Bibi Ribaucourt,

Pole kwa msiba. Nilisoma habari gazetini, mistari minne, chini ya bei za ng'ombe. Nilikikata kile kipande, sijui kwa nini, kisha nikakipoteza.

Ombi lako nimelisoma mara tatu. Kabla sijajibu nikukumbushe jambo ambalo nadhani Montferrey nzima inalikumbuka. Pentekoste ya 1951 Mwalimu alishuka kuongoza okestra mwenyewe mbele ya altare, akaniachia kinanda. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kutoka kwenye roshani ya kinanda hadi altareni ni hatua sabini, na sauti ya okestra ikifika juu imeshachelewa. Alinifundisha hilo siku ya kwanza: mpiga kinanda hafuati masikio, anafuata kioo kile kidogo kilicho juu ya noti, ambamo anamwona kiongozi aliye nyuma ya mgongo wake. Ukifuata masikio, unachelewa. Okestra inakusubiri, wewe unaisubiri, na nyote mnafia njiani.

Tulifia njiani. Wewe ulikuwepo, ulikuwa umesimama kulia kwangu ukinivutia vishikio vya kubadilishia sauti za kinanda. Fidla ziliacha moja moja, kama watu wanaoaga karamu mbaya.

Nilimwambia kwamba sikumwona kiooni, niliona nguzo. Akapanda ngazi zote na kifua chake kile, akakaa kwenye kiti changu, akatazama. Kioo kilikuwa sawasawa. Altare yote ilionekana. Alisema neno moja, "Mwongo," mbele yako na mbele ya wapiga tarumbeta wawili waliokuwa wametufuata. Nilishuka, na sikupanda tena.

Tangu siku ile sijapiga na okestra. Nimeitwa mara tatu, nimekataa mara tatu. Macho yangu ni mazima, nimepimwa. Kwa hiyo nimeishi nikijua kwamba hofu ikinishika naona visivyokuwepo. Mtu wa namna hiyo hupewa mazishi, harusi, na wasichana wa shule wa kufundisha. Silalamiki, kuna mkate.

Lakini unasema alinitaja. Nataka kujua alisema nini. Usinipe maana yake, nipe maneno yenyewe. Nikiyapata nitajua kama ngazi zile naweza kuzipanda.

L. Mazuyer


Montferrey, 14 Desemba 1962

Léonce mwanangu,

Umeuliza maneno, haya maneno.

Ilikuwa jioni, siku nne kabla. Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimemletea maziwa ya moto, akanywa nusu, akaniambia nikae. Akasema: "Kama yuko wa kumalizia, ni Léonce. Nilimwonea yule kijana." Kisha akaomba nimgeuze upande.

Ni hayo tu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, unamjua.

Nikuambie pia kwamba viatu vyako vya kupigia, vile vyembamba vya ngozi ulivyoviacha juu, viko kabatini kwetu. Havikutupwa miaka yote hii. Jana nilivipaka nta. Kisigino cha kushoto kimelika kwa ndani, maana ulikuwa na tabia ya kuukandamiza mguu ukitafuta noti za chini, naye alikuwa akikugonga goti kwa rula.

Asubuhi huwa bado naweka mabakuli mawili. Naliondoa moja kabla sijamwaga kahawa, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Niambie kama unakuja.

Eugénie


Lyon, 6 Januari 1963

Mpendwa Mama Eugénie,

Ninakuja.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilipoyasoma yale maneno nilitoka nikatembea kando ya mto mpaka masikio yakafa ganzi. "Nilimwonea yule kijana." Miaka kumi na moja nimekuwa nikimtengenezea sentensi mdomoni, ndefu, zenye sababu na radhi ndani yake, na yeye amesema maneno matatu. Mwalimu mwenyewe kabisa. Usiku ule nililala mpaka saa tatu asubuhi, nikakosa mazishi ya mwuza mvinyo mmoja. Padri wangu alinuna. Nilimwambia marehemu hakulalamika.

Sasa kazi. Mwambie Bwana Delestrade anitumie nakala ya sehemu mbili za kwanza. Vile vipimo arobaini na vinne nimeshaanza kuvitafuta. Alipenda kuanza kubuni kwa sauti moja nyembamba, kama mtu anayeuliza kama kuna mtu nyumbani, halafu anaijenga kutoka miguuni. Nitaanza hivyo.

Mwambie pia kuhusu baridi. Ikiendelea hivi, kinanda kitakuwa kimeshuka sauti, na chenyewe hakiwezi kupanda kumfuata mtu. Okestra ndiyo itabidi ishuke. Wapiga fidla watalegeza nyuzi bila shida. Wapiga zumari watagoma, hao hawashuki kwa ajili ya mtu yeyote. Majiko yawashwe kanisani siku mbili kabla, taratibu, vinginevyo mabomba ya filimbi yatapanda na yale ya tarumbeta yatabaki chini, tutasikika kama soko la bata.

Nitakuhitaji kwenye vishikio. Hakuna mtu mwingine anayejua kwamba kile cha tatu kushoto hukwama. Na viatu usiendelee kuvipaka nta, nitateleza.

Léonce wako


Montferrey, 10 Februari 1963

Léonce,

Maji ya baraka yameganda mlangoni mwa kanisa tangu wiki iliyopita. Nimeketi jikoni na koti lake mabegani. Barua hii nimeianza mara tano, na nne ziko ndani ya jiko, zimeshakuwa majivu.

Uliandika kwamba ulilala usingizi. Tangu siku niliyosoma neno lile, wangu umeondoka.

Anselme hakusema maneno yale. Niliyatunga. Nilimtajia jina lako siku nne kabla, hilo ni kweli, na maziwa ni kweli. Nilimwuliza kama nikuite. Aliugeuza uso ukutani. Nilingoja mpaka maziwa yakapoa, na hakusema kitu. Viatu navyo, mimi ndiye niliyevificha, yeye alikuwa ameagiza vitupwe.

Lakini hilo si kubwa. Hili ndilo kubwa.

Asubuhi ya Pentekoste ile nilipanda peke yangu kabla ya misa, na kitambaa na siki, nikapangusa vishikio, nikapangusa benchi, na kioo pia. Unajua kwamba Anselme alikataza mtu yeyote kukigusa. Alikuwa amesema mara nyingi, hata kwa utani, kwamba atakayekigusa atabaki chini na akina mama wa rozari. Lakini kilikuwa na alama za nzi na ilikuwa siku yako. Nilitaka kiwe safi kwa ajili yako. Nilipokipangusa kiliyumba kidogo kwenye skrubu yake, na mimi nilikitazama nikiwa nimesimama, si nimekaa mahali pako, nikaona mwanga, nikadhani kiko sawa.

Uliposhuka mbio baada ya muziki kufa, nilibaki juu peke yangu. Nilikaa kwenye kiti chako nijipumzishe. Nikainua macho. Niliona nguzo, Léonce. Nguzo nzima, na nyufa zake.

Nilikirudisha. Sikuwaza, mkono ulikwenda wenyewe. Kisha nikamsikia akipanda, akikohoa, nawe nyuma yake ukisema nguzo, nguzo. Alipokaa na kutazama, nilikuwa nimesimama pembeni na kitambaa kikiwa bado katika mfuko wa aproni yangu. Aliposema lile neno, wewe ulinitazama. Ulinitazama mimi, na mimi nilitazama vishikio.

Nitakuambia kwa nini, na si kwa kujitetea. Mimi nilisoma mpaka cheti cha shule ya msingi tu. Mahali pekee ambapo nilikuwa mtu mbele ya Anselme ni pale juu, kulia kwake, nikimvutia sauti. Alikuwa akinyanyua kidevu tu na mimi nilijua ni ipi. Chini tulikuwa watu wawili wanaokula. Juu tulikuwa kitu kimoja. Niliogopa kubaki chini na akina mama. Nikasema moyoni nitamwambia kesho. Kesho ulikuwa umeshaondoka na sanduku lako, na keshokutwa ilikuwa ngumu zaidi kuliko kesho, na miaka ni hivyo hivyo.

Nilimwambia mwishowe. Siku mbili kabla ya kufa, nilipiga magoti nikamwambia yote sikioni. Alikuwa anapumua tu. Sijui kama alisikia.

Macho yako hayana kosa. Hofu haikukuonyesha chochote kisichokuwepo. Ulisema kweli.

Kama huji, nitaelewa. Kama huji, muziki wake hautapigwa, maana Bwana Delestrade hapati tena mtu wa kujifunza kazi ile kwa muda huu. Nilijua hilo kabla ya kuandika, na nimeandika.

Eugénie Ribaucourt


Montferrey, 10 Machi 1963

Léonce,

Mwezi umepita. Sikuulizi kuhusu mimi. Bwana Delestrade ndiye anayeuliza. Amekuja mara mbili, mara ya pili hakuvua kofia. Wachezaji hamsini na wawili wamekwisha kukodishiwa basi la kuwaleta. Padri Grosjean ameshatangaza misani, na mke wa Pernot amenunua kofia mpya.

Nimewaambia utakuja. Sikuwaambia kwa sababu gani nadhani hivyo, kwa kuwa sina sababu.

Mazoezi ni Jumamosi tarehe 23, saa nane mchana. Chumba chako cha Alhamisi nimekifungulia dirisha. Ukipenda kulala hotelini, hoteli ni ileile.

Eugénie Ribaucourt


Montferrey, 26 Machi 1963

Léonce,

Uliondoka kwa treni ya jioni bila kula, na mimi nilikuwa nimepika soseji ya moshi na viazi, nikampelekea Clotilde.

Nakuandikia kwa sababu juu kule hatukusema. Tulisimama bega kwa bega siku mbili na maneno yote uliyoniambia ni majina ya sauti. Tarumbeta. Filimbi kubwa. Funga. Zumari. Funga. Sikulalamika. Nilipoona Jumamosi mlango wa ngazi ukifunguka na ni wewe, mwenye mvi kidogo juu ya masikio, ilinitosha. Nilikuwa nimekuwekea viatu juu ya benchi. Ukavisogeza, ukatoa vyako kwenye mkoba.

Sehemu ya kwanza ulipiga kama mtu anayesoma barua ya babu yake kwa sauti. Katika ya pili nilitazama chini nikaona watu wameshika benchi kwa mikono. Ulikwenda na okestra hatua kwa hatua, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Niliwaza kwamba miaka kumi na moja ungeweza kuwa unafanya hivi, mahali pengi, mbele ya watu wengi. Nikakosa kuvuta kishikio kimoja, ukakivuta mwenyewe.

Kisha sehemu ya tatu, na pengo. Nilikuwa na mkono kwenye filimbi nyembamba, kama ulivyosema Januari. Nilimwona Bwana Delestrade kiooni akikunyooshea mkono. Na wewe ukaondoa mikono kwenye vibao, ukaiweka magotini.

Nilidhani unajiandaa. Okestra iliendelea kidogo kidogo na ule mwendo wake wa chini ambao ulikuwa umeandikwa kusindikiza kitu, na kitu hakikuja. Vipimo kumi. Ishirini. Kule chini mtu alikohoa. Bwana Delestrade alinyoosha mkono mara ya pili, kisha akaacha akapiga mapigo tu. Nilikuangalia. Ulikuwa unatazama mbele na taya zako zimebana. Nilihesabu mpaka arobaini na nne, kwa midomo, kama Anselme alivyonifundisha. Kisha ukapiga ukurasa wa mwisho jinsi ulivyoandikwa, ukafunga kinanda.

Watu hawakujua. Leo gazeti limesema kwamba marehemu Ribaucourt alithubutu kuandika kimya katikati ya kazi yake, kwamba mbele ya kimya kile mkoa mzima ulimlilia mtu wake. Bwana Delestrade naye anasema ni bora hivi kuliko noti zozote. Anataka kazi ichapishwe, na juu ya vipimo vile iandikwe kwamba kinanda kinyamaze. Mwenye kiwanda cha kuchapisha anataka nitie sahihi kwamba haya ndiyo yalikuwa matakwa ya mume wangu.

Sijatia. Niambie kwanza kile kimya kilikuwa cha nani.

Eugénie Ribaucourt


Lyon, 1 Aprili 1963

Bibi Ribaucourt,

Kilikuwa changu.

Nilikuja na vipimo arobaini na vinne kamili kichwani. Niliviandaa Januari, katika zile wiki nane ambazo ulinipa za kuwa mtu aliyesamehewa. Nakuambia bila majivuno, vilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kubuni. Barua yako ya Februari ilipofika sikuvifuta. Nilisema nitakuja kumpigia hata hivyo, ili nione mwenyewe kwamba naweza. Na niliona. Kioo kilikuwa sawa, mikono ilikuwa sawa. Kwa hilo tu safari ililipa.

Kisha Delestrade akaninyooshea mkono, nami nikamwona waziwazi, hadi kifungo kilichokatika kwenye koti lake. Nikawaza: Mwalimu alikuwa na miaka kumi na moja ya kuuliza mara ya pili. Hakuhitaji kujua habari ya kitambaa na siki. Alihitaji tu kujiuliza kama mwanafunzi aliyemlea miaka minne angeweza kusema uongo ule. Hakujiuliza. Ulipomtajia jina langu akageukia ukuta. Basi nami nikamgeukia ukuta.

Nilidhani nitaona raha. Ilikuwa kama kumpiga mtu aliyelala. Kufikia kipimo cha ishirini na kitu nilitaka kuingia, na sikupata pa kuingilia. Treni ilikuwa imeshatoka kituoni. Nilikaa nikisikiliza okestra ikimsindikiza mtu asiyekuwepo. Hiyo ndiyo kazi iliyowaliza watu wa gazeti.

Juzi nilijaribu kuvipiga hapa, kanisani kwangu, milango imefungwa. Sauti ya kwanza ipo. Zilizobaki hazirudi.

Kuhusu wewe. Nilikula mezani kwako miaka minne na ulikuwa ukininyoosha kola kabla ya misa. Sikukushuku hata siku moja. Nilijishuku mwenyewe, macho yangu, akili yangu. Hasira ninayo, na sitakudanganya kwamba itaisha mwezi huu. Lakini ulipoandika ile barua ulijua kwamba huenda inaiua kazi yake, na ukaiandika. Nimelifikiria hilo pia.

Sahihi ni yako. Tia au usitie. Kunyamaza unakujua kuliko mimi.

L. Mazuyer


Montferrey, 15 Aprili 1963, Jumatatu ya Pasaka

Léonce,

Sikutia.

Jumatano iliyopita Bwana Delestrade aliita mkutano katika ukumbi wa parokia, mwakilishi wa mchapishaji akiwepo, na Padri Grosjean, na wale wachezaji wa mjini, wakiwemo wanne waliopiga Pentekoste ya 1951. Walikuwa wameniwekea kiti cha mbele na kalamu. Nilisimama nikawaambia kwamba pengo lile mume wangu aliliacha ili abuni, kwamba kimya kile si chake, na kwamba aliyenyamaza alikuwa na haki yake. Wakauliza haki gani. Nikawaambia habari ya kioo, tangu kitambaa mpaka neno Mwongo. Sauti yangu haikutosha, mzee Humbert wa tarumbeta aliniambia niseme tena kwa nguvu. Ikabidi niseme yote mara mbili.

Nilikuwa nimeiogopa siku ile miaka kumi na moja, na ilikuwa siku ndogo. Hakuna aliyepiga kelele. Wawili kati ya wale wanne hawakumbuki vizuri. Mmoja alidhani tulisimama kwa sababu ya mvua. Ni Humbert tu aliyeondoa kiko mdomoni. Ni mmoja wa wale wawili waliopanda ngazi siku ile. Aliniambia, "Mimi sikuamini kamwe kama yule kijana alidanganya. Lakini bibi, mke wa Ribaucourt mwenyewe alikuwa amesimama palepale na hakusema neno. Ningesema nini mimi?" Hilo ndilo lililonikata. Sikuwa nimejua kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kumewanyamazisha wengine.

Mwakilishi wa mchapishaji alifunga mkoba wake kwa adabu. Kazi yenye pengo hawaitaki. Alisema kwa upole kwamba kimya kinauzika, pengo haliuziki. Bwana Delestrade hajaniaga mpaka leo. Kwa hiyo haitachapishwa, na sidhani kama itapigwa tena nikiwa hai. Kurasa ziko mezani mbele yangu ninapoandika. Ule mstari mtupu sikuuandikia kitu, na wewe usiandike chochote kwa kunihurumia. Siku ukiipata sauti ya pili baada ya ile ya kwanza, ipige mahali popote, hata kwenye harusi.

Niliwaomba wale wanne watie sahihi kwenye karatasi inayosema kilichotokea. Walitia, hata yule wa mvua. Padri ameiweka katika daftari la parokia, na nakala yake ni hii hapa. Mwonyeshe yeyote atakayekuita.

Baada ya mkutano nilimrudishia Padri ufunguo wa roshani. Alikataa. Alisema ni mambo ya zamani, na Clotilde anahitaji mtu wa vishikio. Nilimwambia nitamfundisha dada yake mdogo, ana mikono mirefu. Nikauweka ufunguo juu ya meza nikatoka kabla hajanirudishia.

Jana, Pasaka, niliingia kwa mlango mkubwa kama watu wote. Miaka thelathini na moja sikuwahi kuingia kwa mlango ule saa ya misa, sikujua hata akina mama hukaa wapi. Nilisimama katikati na kitabu changu, kinanda kikaanza, na nilitaka kugeuka nitazame juu, lakini watu hawageuki. Mke wa Pernot alinitazama kwa muda. Kisha akautoa mkoba wake kwenye benchi, akauweka magotini, na mimi nikakaa.

Eugénie